Dengu Mdomoni mwa Bubu

Wageni wakipanda kuja ngomeni Wawel siku hizi, wakauona ule mnara wa matofali mekundu, wanapiga ishara ya msalaba na kusema, "Lo, mfalme kajenga!" Mfalme kajenga! Mfalme hakushika hata bonge moja la udongo. Mimi Ofka, niliyezeekea jikoni mwa ngome hii hadi magoti yakanigomea, nawajua waliojenga, na ukitaka jina nitakupa moja: Henko. Ila sikukalia kigoda hiki kumsema Henko. Namsema mkewe Sulka, shoga yangu, kwa sababu watu wameanza kumsimulia vibaya. Wanasema alikuwa chizi aliyewavamia wafyatua matofali kila theluji ikiyeyuka. Chizi ni wao, na mama zao niliwajua.

Sulka aliletwa hapa angali kigoli, katika msafara wa bibi mmoja mkubwa kutoka Mazovia. Yule bibi akafa, msafara ukarudi, Sulka akasahaulika jikoni kwetu pamoja na masufuria. Alikuwa mchapakazi, mikono myepesi, moyo mweupe. Kasoro yake moja tu, nayo si yake peke yake, ni ya nchi nzima alikotoka. Huko Mazovia "ch" hawana. Sijui walinyimwa na nani. Penye "ch" wao wanatia "ts", na wanakuapia kwamba wamesema sawasawa na wewe.

Sasa, dengu kwa lugha yetu ni sochevitsa. Na Ijumaa, siku ya mfungo, ngome nzima inakula dengu. Basi kila Ijumaa mpishi mkuu, mzee Mroczek, mtu wa tumbo kubwa na utani mkubwa zaidi, alisimama katikati ya jiko akauliza kwa sauti ya padri, "Sulka mwanangu, leo tunapika nini?"

"Sotsevitsa, baba."

Hapo jiko zima linavunjika mbavu. Wachoma mikate wanacheka, wachota maji wanacheka, hadi mbwa wanabweka. Naye anatukodolea macho. "Mnacheka nini jamani? Si nimesema sotsevitsa?" Hakuwa akijifanya. Hakuisikia tofauti, ndiyo maana hakuweza kujirekebisha. Alilia mara nyingi nyuma ya ghala la kabichi, nami ndiye niliyekuwa nikimfuta kamasi.

Kisha ngome ikaungua. Waliokuwapo hawapendi kuuzungumzia moto ule, hata mimi sipendi. Boriti, paa, na dari la kanisa, vyote vikaenda. Mkuu wetu, ambaye wakati huo hakuwa amevishwa taji bado, alikuwa mkuu tu mwenye maadui kila upande, akasema safari hii tutajenga kwa matofali. Sawa, lakini nani anajua kufyatua matofali ya ngome? Wakaitwa watu kutoka Silesia, na mmoja wao ndiye Henko.

Alikuwa Mjerumani. Kwetu sisi, Mjerumani na bubu ni neno moja. Si tusi, ndivyo lugha ilivyo: mtu asiyesema nasi ni bubu, hata akipiga makelele kutwa. Basi Henko akawa Bubu. Alikuja mlangoni pa jiko akiwa na udongo hadi nyusini, Sulka akampa bakuli la uji mchachu, naye akainamisha kichwa na kusema neno la kwao. Sulka akalirudia. Henko akacheka, akalisema tena polepole, Sulka akarudia tena, hadi akalipata. Lilikuwa ni "asante". Akalijua hilo moja, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda, hakupata la pili.

Nilimuuliza siku moja, "Shoga, wanaume wote hawa, umempendea nini huyu?"

Akasema, "Hanicheki."

Mungu wangu, ni kweli! Henko hakumcheka hata siku moja, kwa sababu hakuijua lugha kiasi cha kusikia kwamba mwenzake amekosea. Kwake Sulka ndiye aliyekuwa lugha yenyewe. Alichosema Sulka ndicho kilichokuwa sahihi. Wakaoana kabla ya mavuno, mzee Mroczek akaoka keki ya asali na kuuliza kwa sauti kama maharusi watakula sotsevitsa, na kwa mara ya kwanza nilimwona Sulka akicheka pamoja nasi.

Furaha haikukaa. Matajiri wa Krakow, mji ulio hapo chini ya kilima, wengi wao wakiwa Wajerumani, waligombana na mkuu wetu wakamfungulia malango bwana mwingine kutoka nje. Ngome ikabaki kwa mkuu, mji ukawa wa adui. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, na nyasi yenyewe ilikuwa Henko. Huku juu walimwona ni mtu wa chini. Huko chini wangemwona ni mtu wa juu.

Pakosz, mkuu wa walinzi wa lango, mtu asiyejua kucheka, akamsimamisha Sulka kisimani. "Wewe mama. Huyo bubu wako akiwa tanurini anaimba. Anamwimbia nani?"

"Anaimba kazi, bwana. Anahesabu matofali."

"Kwa lugha gani?"

Sulka akainua ndoo yake aondoke.

"Na moshi wa tanuri," Pakosz akaendelea, "leo mweupe, kesho mweusi. Kule mjini wanautazama. Mimi nina macho."

Kesho yake tanuri likaamriwa lizimwe. Sulka akaja kwangu, ameshika aproni kwa mikono yote miwili. "Ofka, watamuua. Leo wamezima tanuri, kesho watamzima yeye."

"Acha uchuro," nikamwambia, ila moyoni nilijua hakukosea.

Jioni ile alimkalisha mumewe kwenye gogo, mimi nikiwa papo hapo namenya vitunguu, akamwambia, "Henko, mdomo huponza kichwa. Kuanzia leo lugha ya kwenu uimeze. Usiimbe. Usihesabu. Usisali kwa sauti."

Henko akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole. "Na nikiota?"

"Usiote."

Nilidhani anatania. Kumbe! Tangu siku ile alilala na kiganja chake karibu na mdomo wa mumewe, akianza kunong'ona amzibe. Alikonda. Alichapa kazi huku sikio moja liko uani. Mtu akiita kwa nguvu, upawa unamponyoka. Naye Henko akatii, maskini. Alibeba mawe ya kuziba kuta huku midomo imebanwa, akawa bubu kwelikweli.

Vita vikaisha kiangazi, mji ukasalimu amri. Sisi jikoni tukaimba, tukafungua pipa la pombe. Sulka akakaa chini kwenye majivu akashusha pumzi, akasema, "Yameisha." Hakuwa ameimaliza kauli hiyo vizuri mzee Mroczek akaingia kutoka sokoni mjini, uso umemshuka, kikapu hakina kitu.

"Mnacheza ninyi," akasema. "Huko chini wanachuja watu."

"Wanachuja vipi?"

"Kwa ulimi. Askari wanamsimamisha mtu, wanamwambia aseme maneno manne. Akiyasema kama sisi, aende zake. Akiyasema kibubu..." Akapitisha kidole shingoni.

"Maneno gani?" Sulka akauliza. Sauti yake sikuitambua.

Mroczek akamtazama, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona utani machoni mwake. "Kolo. Miele. Mlin." Yaani gurudumu, anasaga, kinu. Maneno ya kitoto kwetu sisi, lakini yana ile "l" yetu nzito ya nyuma ya ulimi, ambayo Mjerumani hana. Mroczek akaweka kikapu chini. "Na la kwanza, mwanangu, ni dengu."

Hakuna aliyecheka.

"Na huku juu je?" nikauliza mimi.

"Kesho, baada ya misa ya asubuhi. Mafundi wote wa ngome, uani. Pakosz ndiye atakayesikiliza."

Sulka hakulia. Alivua aproni akaitundika, akatoka. Nilipomaliza kazi nikafunga kipande cha mkate mweusi ndani ya kitambaa, nikawafuata kwenye banda la tanuri. Nilisikia sauti yake kabla sijafika mlangoni.

"Kolo. Ulimi nyuma, Henko, nyuma! Kama umetia uji wa moto mdomoni. Kolo."

"Kolo," akasema Henko, na wallahi ilikuwa nzuri. Kuishi na yule mwanamke kulikuwa kumemlainisha ulimi. Mlin ikatoka vizuri. Miele ikatoka. Nikaanza kupata matumaini.

"Sasa dengu. Sotsevitsa."

"Zozevitsa."

"Siyo zo! So! So-tse. Tse, tse! Kama unamfukuza paka."

"So... tse... vitsa."

"Ndiyo! Tena!"

"Sotsevitsa."

"Tena!"

"Sotsevitsa!" Uso wake uling'aa. Alikuwa amelipata. Alikuwa amelipata sawasawa kabisa, kama mtoto aliyezaliwa Mazovia.

Mimi pale mlangoni mkate ulitaka kunidondoka. Yesu na Maria! Mwanamke anamwokoa mumewe kwa kumfundisha kosa, tena anamfundisha kwa bidii. Nikaingia mbiombio. "Sulka, shoga yangu, subiri. Siyo tse. Ni che."

"Ndivyo nilivyosema. Tse."

"Che!"

"Tse! Ofka, una nini wewe? Si ndiyo hiyohiyo?"

"Siyo hiyohiyo! Tumekucheka maisha yako yote kwa sababu siyo hiyohiyo! Henko shemeji, nitazame mimi mdomoni. So-che-vitsa."

Henko akanitazama mimi, akamtazama mkewe. Jasho lilikuwa linamtiririka. "So... she... zo..." Akasimama. Akajaribu tena. "Zozevitsa."

Nikajaribu tena na tena, na kila nilipojaribu lile alilokuwa amelipata likazidi kumpotea, na la kwangu hakulipata. Mwishowe hata "kolo" ikaanza kumponyoka. Sulka akanishika mabega akanisukuma hadi nje. Sijawahi kuona macho ya namna ile. "Unamchanganya! Unataka wamuue? Toka, Ofka! Toka!"

Akafunga mlango. Nikabaki nimesimama na mkate mkononi, namsikia anaanza upya ndani, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga. "Tse, mume wangu. Tse. Taratibu."

Sasa niambie, ningefanya nini? Ningevunja mlango?

Misa ya asubuhi sikuisikia. Padri aliinua, akashusha, akabariki, mimi nilikuwa nahesabu vichwa vya mafundi walio mbele yangu na kuviona vimeshakatwa. Sulka alipiga magoti karibu yangu. Midomo yake ilicheza. Nilidhani anasali Baba Yetu, nikasogeza sikio. Alikuwa anasema dengu, gurudumu, anasaga, kinu. Dengu, gurudumu, anasaga, kinu.

Uani wakawapanga. Askari wengi, wengine wetu, wengine wa mabwana waliokuja na mkuu kutoka pande zote za nchi. Pakosz amesimama mbele, mikono nyuma. Sisi wanawake tukasukumwa ukutani.

Wa kwanza, seremala, mtu wa Krakow toka kwa babu yake, akayatema maneno yote kwa mkupuo mmoja akapita. Wa pili akapita. Wa tatu alikuwa mtengeneza matandiko ya farasi, bwana mpole ambaye watoto wetu walizoea kumwomba vipande vya ngozi. Akasema, "Zozevitsa." Akasikia mwenyewe alivyosema. Akafungua mdomo arudie, Pakosz akatikisa kichwa, wawili wakamshika kwapani wakampeleka upande wa lango. Hakupiga kelele. Alikuwa anageuka nyuma kumtafuta mkewe kwa macho. Mke naye alikuwa ameshaanguka.

Sulka akanishika mkono. Kucha zake ziliingia nyamani, alama ninayo hadi leo, njoo uone.

"Mfyatua matofali," akasema Pakosz. "Bubu. Haya, tukusikie."

Henko akasogea. Akavua kofia. Akatuangalia ukutani hadi akamwona Sulka, kisha akayafumba macho, na nilielewa kwamba anamsikiliza mkewe kichwani.

"Sotsevitsa," akasema. "Kolo. Miele. Mlin."

Pakosz aliinamisha kichwa upande mmoja. "Rudia la kwanza."

Nikasema moyoni, kwisha.

"Sotsevitsa," akarudia Henko, kwa sauti, kwa fahari, kama alivyofundishwa.

Askari mmoja akaguna. Mwingine akapasuka kicheko. Halafu wote wa mstari wa mbele, kicheko kilekile cha jikoni kwetu, kile cha Ijumaa. "Sotsevitsa! Mnamsikia? Sotsevitsa!" Na Pakosz bado hajacheka, bado anapima. Mkono wake ulianza kunyanyuka, nami sikujua unanyanyuka kwa lipi.

Ndipo likatoka jitu moja katikati ya wapiga upinde, ndevu nyekundu, shingo nene, amekasirika hadi masikio. "Mnacheka nini nyie?" akanguruma. "Kakosea nini? Sotsevitsa ni sotsevitsa! Ndivyo asemavyo mama yangu, na anayemcheka mama yangu asogee hapa!"

Mmazovia! Na nyuma yake wenzake wa Mazovia wakaanza kusogea, mikono kiunoni, na kicheko kikakatika ghafla. Pakosz akalitazama lile jitu, akamtazama Henko. Najua alichokuwa anafikiri, maana kilikuwa usoni. Mjerumani anaweza kukosea kwa njia mia moja, lakini kukosea kwa njia ile moja hawezi. Ile hakuna anayefundishwa kwa hila. Ile unainyonya kwa mama.

"Nenda zako, Mmazovia," akasema Pakosz. "Anayefuata!"

Henko akavaa kofia akatembea kuja ukutani. Sulka alimkumbatia kiunoni, uso kwenye udongo wa nguo zake, kisha akaniangalia mimi juu ya mkono wa mumewe na kuniambia, wallahi, "Umeona? Si nilikuambia ni tse?"

Nikacheka hadi nikatapika. Halafu nikalia kwa ajili ya yule mtengeneza matandiko.

Hapo ningeishia, hadithi ingekuwa tamu. Wengi huishia hapo wanapoisimulia, na ndiyo maana hawamwelewi. Mtu akiponea chupuchupu, kuna anayeshukuru akasahau, na kuna ambaye hofu inahamia kwake na kuweka meko. Sulka alikuwa huyo wa pili.

Tanuri likawashwa upya. Mkuu wetu akavishwa taji hapa hapa kanisani, tukakesha tukichoma nyama, ngome ikaanza kupanda tofali kwa tofali, na kila tofali lilipita mikononi mwa Henko, ambaye sasa ngome nzima ilimwita Mmazovia. Jina la Bubu hakuna aliyelikumbuka. Wafyatuaji wapya wakaletwa kutoka Silesia, wakaongea lugha ya kwao waziwazi uani, wakaimba, Pakosz mwenyewe akanywa nao pombe. Hatari ilikuwa imepita, kila mtu aliona. Isipokuwa Sulka.

"Usiwajibu," alimwambia mumewe. "Leo wanacheka nao. Kesho je?"

Wale wageni walimsalimu Henko kwa lugha ya kwao, wakijua vizuri ni mwenzao, na yeye aliwajibu kwa yetu, kwa tse zake, na kuinamia udongo. Walimwona ana maringo. Binti yao Femka alipozaliwa, Henko alimbeba akafungua mdomo aimbe kitu, nilimwona mimi kwa macho yangu, na Sulka akageuka haraka kutoka mekoni. Henko akaufunga mdomo. Akampiga mtoto mgongoni polepole, kimya, hadi akalala.

Nikamwambia, "Shoga, mwache mtu aimbe kidogo. Nani atamsikia?"

"Ukuta una masikio."

"Ukuta huo kaujenga yeye!"

Alikuwa anachambua dengu, anatupa mawe, macho yako mlangoni.

Wakaishi hivyo, kwa mapenzi, nisiwasingizie. Sijaona mwanamume aliyemtii mke kwa mapenzi kama yule. Lakini moshi wa tanuri ulikuwa unamla kifuani, na majira mamoja ya baridi, Femka akiwa ameshaolewa, Henko akaanguka kando ya matofali mabichi. Tukamlaza nyuma ya jiko penye joto. Homa ikapanda. Na homa ilipopanda, lugha yetu ikamtoka.

Ilimtoka yote. Hakubaki na kolo, hakubaki na mlin. Ile ya kwao aliyokuwa ameimeza miaka yote ikapanda juu, akaongea, akaongea, mtu aliyekuwa mkimya akawa na maneno kama mto. Sulka kwa mazoea akamwekea kiganja mdomoni. Kisha akakiondoa. Akakitazama kile kiganja chake.

"Henko, sema kwetu. Mume wangu, sema kama nilivyokufundisha, sielewi."

Henko akamshika mkono, akamtazama usoni vizuri kabisa, akili zake zikiwa zimerudi, na akamwambia neno moja. Sulka akaleta maji. Henko akatikisa kichwa, akalisema tena. Sulka akaleta pombe, akaleta blanketi, akamwita Femka, akamwita padri. Kila mara Henko anatikisa kichwa, analisema tena neno lilelile, anamsihi kwa macho. Mimi wakati huo nilikuwa nimetumwa ghalani kutafuta asali; haya alinisimulia Sulka baadaye. Sikulisikia kinywani mwake, na hilo linaniuma.

Nilipokuwa narudi ndipo nilipoona. Sulka ametoka uani, kichwa wazi, kwenye theluji, anapiga ukelele mbele ya ngome nzima, mbele ya walinzi, mbele ya Pakosz aliyezeeka. "Nani anajua Kijerumani? Jamani, mume wangu ni Mjerumani! Nani anajua lugha ya mume wangu?"

Miaka yote ile ameficha, na sasa anapaza sauti hadi kunguru wanaruka mnarani. Mwashi mmoja wa Silesia akatupa mwiko akakimbia naye. Mimi nyuma yao na asali. Tulipofika, Henko alikuwa amekwenda.

Sulka hakumlilia kwanza. Alimgeukia yule mwashi. "Alisema neno. Nisikilize." Na akalisema.

Mwashi akakunja uso. "Vipi, mama?"

Akalisema tena. Akalisema polepole. Akabadilisha hapa, akavuta pale. Mwashi yule alikuwa mtu mwema, aliinama akamsogezea sikio, akarudia midomoni mwake, akatikisa kichwa. "Samahani, mama. Kwetu hakuna neno kama hilo."

"Lipo! Amelisema!"

"Huenda hulisemi sawasawa."

Akakaa chini kwenye majivu.

Basi hiyo ndiyo habari ya uchizi wake. Kila theluji ikiyeyuka, wafyatua matofali wapya wanapopanda kilima, Sulka alijifuta mikono kwenye aproni akatoka kwenda kuwapokea. Alikuwa akimshika mmoja mkono na kumwambia lile neno. Wengine walicheka. Wengine walimpa mkate wakidhani anaomba. Vijana wetu wa jikoni walijua tu kwamba bibi Sulka anawasumbua wageni.

Mwaka mmoja kijana mmoja, macho ya huruma, alimsikiliza hadi mwisho, akasema kwa lugha yetu iliyokatikakatika, "Nimeelewa, bibi. Alisema asante."

Nilimshukuru Mungu moyoni. Nikasema sasa atapumzika. Nikamsubiri mlangoni, akaja, akaingia, akachukua upawa wake.

"Umesikia, shoga? Alikuwa anakushukuru."

"Muongo yule," Sulka akasema. "Mtoto mzuri, lakini muongo. Asante ya kwao naijua. Alinifundisha mlangoni hapa, nilipompa uji."

Mwaka uliofuata walikuja wengine kwa ajili ya ukuta wa upande wa mto. Ilikuwa Ijumaa, na dengu ziko motoni. Akazisogeza pembeni zisiungue, akajifuta mikono, akatoka.